Garrincha, mutu wa kutia mukono ku karatasi tupu

Tuanze na ile karatasi, wasomaji wetu, juu ndani yake njo muko mambo yote.

Kila mara kontra ya Garrincha ilipofika ku mwisho, wakubwa wa Botafogo, ekipe yake ya Rio de Janeiro ku Brazili, walimuita mu biro na kumuwekea karatasi mbele. Pa mahali pa mushahara hapakuwa kitu, hapana hata sifuri moja. Yeye alishika kalamu, akatia mukono, akasalimia watu, akatoka kurudi kwao kucheza mupira na marafiki wa utoto. Nyuma yake njo walijaza hesabu. Walijaza ile waliyoipenda wao.

Na hatusemi juu ya kijana mumoja asiyejulikana. Tunasema juu ya mutu ambaye watu mamia elfu walilipa mulango kwa kumuangalia yeye, na ambaye Brazili ilimutegemea kwa kushinda Kombe ya Dunia mara 2. Mu kambi zetu jina la Pelé linajulikana na kila mutoto. Garrincha, ni wazee tu njo wanamukumbuka, na wakimukumbuka wanacheka kwanza, kisha wanatikisa kichwa.

Jina lake la kweli lilikuwa Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa 10, mwaka 1933, ku Pau Grande, chini ya milima, si mbali na Rio. Mutu wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi hatahitaji tumueleze mingi juu ya mahali pale. Palikuwa kiwanda kimoja kikubwa cha kufuma vitambaa, cha kompanyi América Fabril. Nyumba zilikuwa za kompanyi. Munganga alikuwa wa kompanyi, shule ya kompanyi, na uwanja wa mupira vilevile. Amaro, baba yake, alikuwa mulinzi wa kiwanda. Filimbi ya kiwanda njo iliamsha watoto asubuhi. Mutoto Manuel alipofika miaka 14 aliingia ku kazi sawa vile wengine wote waliingia, bila kuulizwa kama anapenda kazi ingine, juu kazi ingine haikuwako.

Dada yake njo alimupatia jina la Garrincha. Ni jina la ndege mumoja mudogo wa kule kwao, na yeye alikuwa mudogo wa mwili, na siku zote alikuwa mu pori anawinda ndege. Alizaliwa na miguu iliyopinda. Wa kuume ulipinda kuingia ndani, wa kushoto ulipinda kutoka nje, yote miwili ikaangalia upande mumoja, sawa miti miwili iliyolazwa na upepo. Mutu wa kwanza kumuona angesema huyu kijana atembee polepole tu, asianguke.

Ku kazi alikuwa muvivu, tusifiche. Alilala ndani ya masanduku ya pamba saa ya kazi. Wakubwa walichoka, wakamufukuza. Lakini kiwanda kilikuwa na ekipe yake, Sport Club Pau Grande, na bila Garrincha ekipe haikuwa na nguvu. Wakubwa wa ekipe wakaenda kuongea na wakubwa wa kiwanda. Akarudishwa ku kazi. Akaendelea kulala.

Hapa tusimame kidogo. Sisi tunaona pale njo mbegu ya ile karatasi tupu ilipandwa. Kijana alijifunza mapema kama kompanyi ni sawa baba: anakasirika, anapiga kelele, kisha anasamehe, na ku mwisho wa siku sahani ya chakula iko pa meza. Hauulize baba bei. Wazee wetu waliotia kidole ku kontra ya miaka 3 ya Union Minière, wakapewa nyumba, posho na lopitali ya kuzaa watoto wao, wanaelewa vizuri hii fikra. Wanaelewa vilevile siku ile kazi inaisha na nyumba inaisha pamoja nayo.

Ku Botafogo aliingia mu 1953. Mbele ya pale alikuwa amejaribu mu ekipe zingine za Rio, wakamurudisha bila kumuangalia vizuri. Inasimuliwa kama mahali pamoja yeye mwenyewe njo alikimbia mazoezi kabla ya mwisho, juu aliogopa kukosa treni ya kurudi Pau Grande. Siku ya kujaribiwa ku Botafogo walimupanga mbele ya Nilton Santos, mulinzi wa kushoto wa ekipe ya taifa, mutu mwenye heshima kubwa. Yule kijana wa miguu ya kupinda akamupita. Akamupita tena. Nilton Santos hakukasirika. Kisha mazoezi alienda kuomba wakubwa wamukamate huyu leo leo, asije kukutana naye siku ingine amevaa jezi ya adui. Mu mechi yake ya kwanza ya mashindano, tarehe 19 mwezi wa 7, alitia goli 3.

Sasa tueleze namna kontra za kule zilitumika, juu bila hiyo mutu hawezi kuelewa maisha yake.

Ku Brazili mu ile miaka kulikuwa kitu walichoita passe. Muchezaji alitia mukono kontra ya mwaka mumoja ao miwili. Kontra ikiisha, mungefikiri mutu amekuwa huru kwenda mahali wanamulipa vizuri. Hapana! Kontra iliisha lakini passe ilibaki mu sanduku ya ekipe. Bila passe, hakuna ekipe ingine iliyokuwa na ruhusa ya kumuchezesha. Kama hakukubali hesabu ya komite, alibaki nyumbani bila mupira na bila mushahara, mupaka njaa imufundishe. Kama ekipe ingine ilimutaka, ilipaswa kununua ile passe, na bei ilipangwa na wenye kuuza, si na mwenye miguu. Kwa hiyo, hata wachezaji wenye akili ya feza, wale waliokuja na hesabu zao mu mufuko, waliongea na komite sawa mutu mwenye kamba mu shingo. Walivuta kidogo, wakapata kidogo.

Garrincha hakuvuta hata ile kidogo. Ndani ya Botafogo wenzake waliolipwa kumuzidi walikuwako, naye alijua, na haikumusumbua. Wengine wanasema alikuwa mujinga. Sisi hatukubali haraka vile. Mutu ambaye ku uwanja hakuna aliyeweza kumudanganya, atakuwa mujinga namna gani? Tunafikiri alikuwa na fikra ingine juu ya kazi. Mupira kwake haukuwa kazi. Kazi ilikuwa kiwanda, filimbi, vumbi ya pamba. Kulipwa kwa kucheza ilimuonekana sawa zawadi, na zawadi hawaihesabu mbele ya mwenye kuitoa.

Mu 1958 alienda Sweden na ekipe ya taifa. Mechi 2 za kwanza hakucheza. Ya tatu ilikuwa na Umoja wa Sovieti, wakamuingiza yeye na Pelé pamoja, na dakika za kwanza za ile mechi wazee wenye kujua mupira wangali wanazieleza mupaka leo: mupira wa Garrincha uligonga muti wa goli, wa Pelé uligonga muti wa goli, kisha Vavá akatia. Brazili ilichukua Kombe. Tangu ile siku, kila mara hawa wawili walipocheza pamoja, Brazili haikushindwa hata mara moja.

Mu 1962 ku Chile ikawa yeye peke yake. Pelé aliumia mu mechi ya pili. Garrincha akabeba ekipe: goli 2 ku Uingereza, goli 2 ku Chile wenyeji. Mu mechi ile ya Chile alipiga muchezaji mateke ya hasira, wakamufukuza uwanjani, lakini wakubwa wa Brazili walihangaika sana mupaka akaruhusiwa kucheza ya mwisho. Brazili ikashinda Czechoslovakia 3-1.

Basi waliporudi Rio, Gavana Carlos Lacerda alitaka kumupatia zawadi. Ile saa ilikuwa ya kuomba nyumba, kiwanja, ao gari. Garrincha aliomba ndege. Ndege ya kuimba, ya kufuga mu tundu. Akapewa ndege.

Inasimuliwa vilevile kama siku moja watu wa kuelewa mambo ya banki walifika ku nyumba yake ku Pau Grande, wakakuta feza za karatasi zimefichwa nyuma ya vyombo na chini ya godoro, zingine zimeoza na unyevu, hazifai tena. Mu nyumba ile ile mama Nair, muke wake wa ndoa, mufanyakazi wa kiwanda aliyemuoa angali kijana, alilea watoto wanawake, ambao walifika 8.

Ile mwaka wa 1962, mu mwezi wa 12, alicheza mechi ya mwisho ya ubingwa wa Rio mbele ya Flamengo. Botafogo ilishinda 3-0, na zote 3 zilitokea ku miguu yake. Hakuna aliyejua siku ile kama njo ilikuwa siku kubwa ya mwisho.

Juu goti ilikuwa imekwisha kuharibika. Miguu ya namna ile, kila mara alipogeuka ghafula kumupita mulinzi, goti ya kuume ilisaga mufupa ku mufupa. Ilivimba, ilijaa maji. Wanganga walivuta maji na shindano, wakatia dawa na shindano ingine, akacheza. Kwa nini hawakumupumzisha? Jibu ni feza. Botafogo iliishi na safari. Ilizunguka Ulaya na Amerika ya Kusini kucheza mechi za urafiki, na wenye kuialika walilipa bei moja kama Garrincha anacheza, na bei ya chini kama hachezi. Kwa hiyo alipaswa kucheza. Hata nusu saa, hata na goti sawa papai. Wale wenye kuteremuka chini ya shimo na mugongo wenye kuuma, juu siku moja ya kukosa inakata prime, hawatauliza kwa nini alikubali.

Hapa njo anaingia mama Elza.

Elza Soares alikuwa muimbaji mukubwa wa samba. Alizaliwa mu umasikini, aliolewa angali mutoto, alifanya kazi ya kiwanda cha sabuni, alizika watoto wachanga. Mwanamuke wa namna ile anajua bei ya kila kitu, juu amekwisha kukikosa. Alikutana na Garrincha mu 1962, wakapendana, na yeye akaacha mama Nair na watoto. Ile haikuwa kitu kizuri, na sisi hatutaipamba: watoto 8 walibaki Pau Grande kumungojea baba. Lakini Elza njo alikuwa mutu wa kwanza kumuuliza lile swali ambalo hakuna aliyemuuliza mu miaka 10. Walijaza hesabu gani?

Mu 1963 Garrincha akaingia mu biro ya Botafogo na hesabu yake mwenyewe. Alitaka alipwe sawa na kazi aliyofanya, sawa na wengine waliolipwa vizuri. Mutu anaweza kufikiri ilikuwa saa nzuri, juu dunia yote ilikuwa ingali inaimba jina lake. Kumbe saa ilikuwa imepita. Komite iliona goti ile kila siku ku chumba cha munganga. Walijua mbele yake kama kuna mechi chache zimebaki ndani yake. Kwa nini walipe sasa bei ambayo hawakulipa wakati alikuwa muzima?

Wakakataa. Wakavutana miezi mingi. Yeye alikosa mazoezi, alikosa safari. Komite ilimuadhibu na kumukata feza. Passe ilikuwa mu sanduku yao, hakuweza kwenda mahali pengine. Timu za Italia zilikuwa zimemutaka wakati alikuwa mu nguvu, Botafogo haikumuuza. Na sasa watu wa mutaa, wale wale aliowachekesha miaka 10, waligeuka. Magazeti yaliandika kama Elza njo amemuharibu, amemufundisha kupenda feza. Walimutukana mwanamuke ku njia, wakatupa mawe ku nyumba. Tumesoma mambo ya wakati ule na jambo moja linatushangaza: wengi walikasirika sana juu ya mutu kuuliza mushahara wake, kuliko walivyokasirika juu ya wale waliomuandikia ile mushahara mu giza.

Ili tuwe wenye haki, tuseme vilevile maneno ya upande wa pili. Botafogo ilimuvumilia mingi. Alitoroka kambi ya ekipe usiku, alikunywa, alikuja mazoezi saa alipopenda, alikopa avansi juu ya avansi, nao walifumba macho. Wakubwa waliamini kweli kama wanamulea sawa mutoto. Pale njo shida ilikuwa. Mutoto hana kontra.

Mu 1964 alipasuliwa goti na munganga ambaye hakuwa wa Botafogo. Alipona nusu. Mwanzoni mwa 1966 Botafogo ilimuuza ku Corinthians ya São Paulo, kisha mechi zaidi ya 600. Passe ilitoka mu sanduku siku ile haikuwa tena na mali kubwa ndani yake. Bado walimupeleka Kombe ya Dunia ku Uingereza: alitia goli moja nzuri ya mupira wa kusimamishwa mbele ya Bulgaria, kisha wakashindwa na Hungaria 3-1. Hiyo njo ilikuwa mechi yake ya mwisho na Brazili, na ya kwanza kushindwa akiwa uwanjani na jezi ile.

Yaliyobaki tutayapita haraka, juu ni mabaya na kila mutu amekwisha kuona mufano wake mu kartie. Pombe yake ilikuwa cachaça, ya miwa, kali sawa lutuku. Jina kachasu la kwa ndugu zetu wa Zambia linatoka mu lile neno. Mu 1969 aliendesha gari, akapata aksida, mama ya Elza akafa pale pale. Walihamia Italia muda, akalipwa na shirika la kahawa la Brazili kusimama ku maonyesho na kusalimia watu. Alicheza kidogo Flamengo, kidogo Olaria. Mu 1973, mwezi wa 12, walimupangia mechi ya kumuaga ku Maracanã, watu 131,000 wakaja, na feza ya mulango ilikuwa ya kumusaidia. Tunaweza kusema ile siku njo alilipwa, na waliomulipa ni watu wa mulango. Mama Elza alivumilia mapigo na ulevi mupaka 1977, akaondoka.

Alikufa tarehe 20 mwezi wa 1, mwaka 1983, maini yameharibika na pombe. Alikuwa na miaka 49. Walilaza maiti ku Maracanã, sanduku limefunikwa na bendera ya Botafogo, kisha wakaipandisha ku gari ya kuzima moto kwa kuirudisha kwao. Watu walijaa njia yote, ku madaraja, ku mapaa ya nyumba, mupaka magari hayakupita tena. Walimuzika karibu na Pau Grande, mu makaburi madogo ya watu wa pale.

Passe ilidumu kuliko yeye. Sheria ya kuifuta ilitoka mu 1998, wakati Pelé alikuwa waziri wa michezo njo ilianza kutayarishwa, nayo inaitwa Sheria ya Pelé. Ilianza kutumika kabisa mu 2001. Tangu pale, muchezaji wa Brazili ambaye kontra yake imeisha anabeba viatu vyake na kwenda.

Ku Brasília kuna uwanja mukubwa wenye kubeba jina la Garrincha; ulijengwa upya kwa Kombe ya Dunia ya 2014 na feza nyingi kabisa. Miaka 3 nyuma ya pale, mu 2017, habari zilitoka ku yale makaburi ya kwao: mifupa ilikuwa imehamishwa mu miaka iliyopita, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha watoto wake, bila mashaka, baba amelala mu kaburi gani.